Kutu kabla ya rangi: Jinsi ya kulinda chuma kitupu kutoka melini hadi karakana

Wafanyabiashara na wasafirishaji wanaopitisha chuma katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa hupoteza fedha kwa kutu inayoanza kabla chuma hakijapakwa rangi. Mara nyingi hasara hiyo huonekana pale tu tela, tangi au ghala linapokuwa limekwisha kukabidhiwa na malipo yamekamilika.

Dalili zake zinafahamika kwa kila mwenye gari. Rangi huvimba kama malengelenge, hasa kwenye maungio ya kulehemu na kwenye kingo. Baadaye hupasuka na kubanduka, na chini yake hukutwa unga wa kahawia. Mwenye mali humlaumu aliyeuza rangi, muuza rangi humlaumu fundi, na fundi humlaumu aliyeleta chuma. Kila mmoja anaweza kuwa na sehemu ya ukweli, kwa sababu kati ya siku chuma kinaposhushwa melini na saa praima inapopakwa, chuma hicho hupita katika mikono ya watu wengi.

Makala haya yanaeleza kinachotokea katika kipindi hicho, namna ya kukizuia, na mambo ambayo mnunuzi anaweza kuyakagua mwenyewe bila mashine za gharama kubwa.

Kutu huanzaje

Ili chuma kishike kutu vinahitajika vitu viwili pamoja na chuma chenyewe: maji na hewa ya oksijeni. Maji hayo si lazima yawe mvua. Utando mwembamba wa unyevu usioonekana kwa macho unatosha. Kikikosekana kimoja kati ya hivyo viwili, kutu haiendelei, na ndiyo maana kazi yote ya kulinda chuma ni kazi ya kutenga chuma na unyevu.

Chuma kinachotoka kiwandani kikiwa kimepitishwa kwenye moto huwa na gamba gumu la rangi ya bluu nyeusi. Wengi hudhani gamba hilo ni kinga. Ni kinga ya muda tu. Gamba hupasuka wakati wa kukunja, kukata na kupakia, na unyevu ukiingia kwenye ufa, chuma kilichofunuliwa huliwa haraka zaidi kuliko ambavyo kingeliwa bila gamba, kwa kuwa gamba na chuma hufanya kazi kama ncha mbili za betri. Rangi iliyopakwa juu ya gamba hudumu kwa kadiri gamba lenyewe litakavyoshika. Gamba likibanduka, linaondoka na rangi.

Kwa sababu hiyo gamba huondolewa kabla ya kupaka rangi, aghalabu kwa kupuliza mchanga au punje za chuma kwa hewa ya kompresa. Hapo ndipo tatizo la pili linapoanza. Chuma kilichosafishwa vizuri hadi kuwa cheupe ndicho chuma kilicho wazi kuliko vyote. Kimekwaruzwa, kina vibonde vidogo vinavyoshika unyevu, na hakina kinga yoyote. Katika hewa ya pwani kinaweza kubadilika rangi na kuwa cha manjano ndani ya saa chache. Mafundi huiita hali hiyo kutu ya ghafla.

Hesabu ya umande

Kiasi cha unyevu hewani hupimwa kwa asilimia. Chuma safi kisicho na chumvi hushika kutu polepole sana unyevu ukiwa chini ya takriban asilimia 60. Ukipanda juu ya hapo kasi huongezeka. Watengenezaji wengi wa rangi hukataza kupaka unyevu unapozidi asilimia 85.

Kipimo hicho peke yake hakitoshi. Muhimu zaidi ni joto la umande, yaani kiwango cha joto ambacho hewa ikifika, mvuke wake huanza kugeuka matone. Mfano: hewa yenye joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80 ina joto la umande la takriban nyuzi 26. Chuma chochote kilicho na baridi kuliko nyuzi 26 kitatoa jasho, hata kama jua linawaka na sakafu ni kavu. Kanuni inayotumika duniani kote katika kazi ya rangi ni kwamba joto la uso wa chuma liwe juu ya joto la umande kwa nyuzi 3 au zaidi. Katika mfano huu chuma kisipakwe kabla hakijafika nyuzi 29.

Inafaa kusisitiza kwamba kinachopimwa ni joto la chuma, si la hewa. Chuma kilicholala nje usiku hupoteza joto kuelekea angani na kufikia asubuhi kinaweza kuwa baridi kuliko hewa inayokizunguka. Ndiyo maana chesisi iliyoachwa uwanjani hukutwa imelowa saa 12 asubuhi ingawa mvua haikunyesha. Fundi anayeanza kupaka saa 1 asubuhi ili kuwahi jua kali anapaka juu ya maji. Kwa maeneo ya pwani, muda unaofaa kwa kawaida ni kuanzia asubuhi iliyokwisha kupata joto hadi alasiri, na praima iwe imekauka kabla ya jua kuzama.

Kipima joto cha uso wa chuma na kipima unyevu si vifaa vya anasa kwa karakana inayotengeneza matela. Mwenye karakana asiye navyo anabahatisha.

Chumvi, adui asiyeonekana

Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Zanzibar zina tatizo ambalo Kigali, Bujumbura au Lubumbashi hazina: upepo wa bahari huleta chumvi. Chumvi hiyo hutua juu ya chuma bila kuonekana, na huvuta maji kutoka hewani. Chumvi ya kawaida ya mezani huanza kulowa yenyewe unyevu wa hewa ukifika takriban asilimia 75. Aina nyingine iliyomo katika maji ya bahari, ile ya magnesiamu, huanza kulowa unyevu ukiwa karibu asilimia 33 tu. Kwa hiyo chuma chenye chumvi ya bahari kinaweza kuendelea kuliwa hata katika siku ambayo fundi angeiita kavu.

Chumvi ikifungiwa chini ya rangi huvuta maji kupitia kwenye rangi yenyewe, kwa kuwa hakuna rangi inayozuia mvuke kwa asilimia 100. Maji hayo ndiyo yanayosukuma rangi na kuleta malengelenge.

Kupuliza mchanga hakuondoi chumvi yote, hasa kwenye chuma chenye vishimo. Dalili ni hii: chuma kikisafishwa kikawa cheupe, kisha madoa meusi au ya kahawia yakajitokeza upesi sehemu zile zile huku sehemu nyingine zikibaki safi, hapo pana chumvi. Dawa ni kuosha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kukausha, kisha kupuliza tena. Maji ya visima katika maeneo mengi ya pwani huwa na chumvi, hivyo hayafai kwa kazi hiyo. Aidha, mchanga wa ufukweni haufai kabisa kupulizia chuma, kwa sababu hupandikiza ile chumvi inayotakiwa kuondolewa.

Mikono nayo ina chumvi. Alama za vidole juu ya chuma kilichokwisha kusafishwa huonekana baada ya siku kadhaa zikiwa kutu yenye umbo la kiganja. Glavu safi ni sehemu ya kazi.

Daraja nne za chuma

Anayenunua chuma Gerezani jijini Dar es Salaam, Kamukunji jijini Nairobi au Katwe jijini Kampala anaweza kutumia kipimo cha kimataifa cha ISO 8501-1 bila maabara. Kipimo hicho hugawa chuma kisichopakwa katika daraja nne kwa kutazama:

Daraja A: chuma kimefunikwa na gamba la kiwandani lililoshika vizuri, kutu ni kidogo au haipo.

Daraja B: kutu imeanza na gamba limeanza kubanduka.

Daraja C: gamba limeliwa na kutu au linaweza kukwanguliwa, na kuna vishimo vichache vinavyoonekana.

Daraja D: gamba limekwisha, na vishimo vimeenea na vinaonekana wazi kwa macho.

Tofauti ya bei kati ya chuma cha A na cha D inaweza kuonekana kubwa dukani, lakini cha D huja na gharama zake. Kinahitaji muda mrefu wa kusafisha, hunywa rangi nyingi zaidi kujaza vishimo, na ndani ya vishimo ndimo chumvi hujificha. Kwa mabati membamba hali ni mbaya zaidi. Bati la milimita 2 likipoteza milimita 0.2 limepoteza asilimia 10 ya unene wake. Chuma cha milimita 10 kikipoteza kiasi hicho hicho kimepoteza asilimia 2.

Kuna hesabu nyingine ambayo wafanyabiashara wengi huisahau. Tani moja ya bati la milimita 2 ina eneo la takriban mita za mraba 127 ukihesabu pande zote mbili. Tani moja ya chuma cha milimita 10 ina takriban mita za mraba 25. Kwa hiyo kutu kwenye tani ya mabati membamba inahitaji kazi ya kusafisha mara tano zaidi. Anayebeba mabati membamba ndiye anayepaswa kutumia fedha zaidi kwa kufunika na kuhifadhi.

Kutoka melini hadi mpakani

Chuma kinachotoka nchi zenye baridi hufika kikiwa bado na baridi ndani ya meli. Milango ya meli ikifunguliwa katika joto la Dar es Salaam au Mombasa, hewa yenye unyevu huingia na kukutana na chuma baridi, na jasho hutokea mara moja. Chuma hicho kikifungwa kwenye nailoni au kufunikwa kwa turubai kikiwa kimelowa, maji hayana pa kutokea.

Jambo kama hilo hutokea barabarani. Lori linalopakia Dar es Salaam mchana hubeba hewa ya pwani chini ya turubai. Likielekea Tunduma, likifika nyanda za juu za Iringa, Makambako na Mbeya usiku, hewa hiyo hupoa, mvuke hugeuka matone chini ya turubai na kudondokea mzigo. Dereva anaweza kuapa kwamba hakukutana na mvua, na akawa anasema kweli, ilhali mzigo umelowa.

Mambo yafuatayo hupunguza hasara bila gharama kubwa:

Chuma kisilazwe chini. Kiwekwe juu ya magogo makavu, kiinamishwe kidogo ili maji yateremke, na kati ya tabaka na tabaka viwekwe vipande vya mbao ili hewa ipite. Mabati yaliyobanana hunyonya maji katikati kama karatasi.

Turubai lisigusane na chuma. Liwekewe mbao au kamba za kulinyanyua, na pande ziachwe na nafasi ya hewa gari linapokuwa limeegeshwa mahali pakavu.

Mzigo usipakiwe pamoja na mbolea, chumvi, saruji iliyopasuka mifuko au kemikali. Sakafu ya tela iliyobeba mbolea au chumvi safari iliyopita ioshwe na kukaushwa.

Mabunda yenye karatasi ya kiwandani yasichanwe bila sababu. Baadhi ya karatasi hizo zina dawa inayotoa mvuke wa kuzuia kutu, na kazi yake huisha zikiachwa wazi.

Mzigo ukitarajiwa kukaa bandari kavu au ghalani kwa majuma, mafuta maalumu ya kuzuia kutu yapakwe. Hata hivyo mpokeaji aarifiwe, kwa sababu mafuta hayo lazima yaondolewe kabla ya kazi ya rangi.

Kutu na bili ya leding

Mfanyabiashara anayelipa kwa hati ya benki hutegemea bili ya leding safi, yaani isiyo na maelezo ya kasoro. Kwa shehena ya chuma, neno safi halina maana anayoidhania. Bili nyingi za chuma hubeba kipengele kinachojulikana kama kipengele cha Retla, jina lililotokana na kesi iliyoamuliwa na mahakama ya rufaa nchini Marekani mwaka 1970. Kipengele hicho husema kwamba maneno "hali nzuri" hayamaanishi chuma hakikuwa na kutu au unyevu unaoonekana kilipopakiwa. Katika kesi hiyo mwenye meli alishinda.

Mwaka 2012 Mahakama Kuu ya London ilitoa uamuzi uliokipunguza nguvu kipengele hicho katika kesi ya meli Saga Explorer, iliyobeba mabomba ya chuma kutoka Korea Kusini. Mahakama ilisema kipengele kinahusu kutu ya juu juu tu ambayo chuma hakiwezi kuiepuka, na hakimpi mwenye meli ruhusa ya kutoa bili safi kwa chuma kilichoharibika zaidi ya hapo.

Somo kwa mnunuzi ni mawili. Kwanza, asome bili kabla ya kulipa, na pale mzigo ni mkubwa aajiri mkaguzi wa mizigo kwenye bandari ya kupakia. Pili, achukue hatua mapema mzigo unapofika. Kwa bili zinazofuata Kanuni za Hague au Hague-Visby, uharibifu usioonekana wazi unapaswa kuarifiwa kwa maandishi ndani ya siku 3 tangu kupokea mzigo, na kesi ifunguliwe ndani ya mwaka 1. Picha zipigwe mzigo ukiwa bado bandarini, kabla haujapakiwa kwenye malori. Mzigo ukifika Kigali au Bujumbura ndipo kutu ianze kuulizwa, kila mhusika atasema ilianzia kwa mwingine.

Wakaguzi hutumia dawa ya naitreti ya fedha kutofautisha maji ya bahari na maji ya mvua au jasho. Dawa hiyo ikidondoshwa kwenye chuma kilicholowa maji ya chumvi hugeuka nyeupe kama maziwa. Jibu hilo huweza kuamua kama dai linapelekwa kwa mwenye meli, kwa bima au kwa msafirishaji wa barabara. Kwa chuma kilichokaa wiki kadhaa karibu na bahari, jibu hupoteza nguvu kwa kuwa chumvi ya upepo nayo huonekana, na hiyo ni sababu nyingine ya kupima mapema.

Karakanani, hatua kwa hatua

Mpangilio wa kazi ni muhimu kuliko aina ya rangi. Praima ghali juu ya chuma kichafu hushindwa mapema kuliko praima ya kawaida juu ya chuma safi.

Hatua ya kwanza ni kuondoa mafuta na grisi, kabla ya kitu kingine chochote. Fundi akianza kwa grainda, brashi ya waya au mchanga huku mafuta yakiwa juu ya chuma, atayasambaza na kuyasukumia ndani ya mikwaruzo. Itumike thina au sabuni maalumu pamoja na vitambaa safi vinavyobadilishwa mara kwa mara. Kitambaa kimoja kilichotumika siku nzima hupaka mafuta badala ya kuyatoa. Kipimo rahisi ni kunyunyiza maji safi kidogo: yakitandaa, chuma ni safi, yakijikusanya kama matone juu ya jani la mgomba, mafuta bado yapo. Sehemu hiyo ikaushwe baada ya kupima.

Hatua ya pili ni kurekebisha kazi ya kulehemu. Matone ya kulehemu yaondolewe, mabaki ya dawa ya elektrodi yasafishwe na kingo kali zizungushwe kwa grainda. Rangi hukimbia kingo kali na kubaki nyembamba, na hapo ndipo kutu huingilia.

Hatua ya tatu ni kusafisha chuma chenyewe. Kwa tela au tangi litakalofanya kazi pwani, kiwango kinachotakiwa mara nyingi ni Sa 2½, yaani chuma kilichopulizwa hadi kubaki na vivuli hafifu tu vya madoa. Kwa brashi na grainda viwango huitwa St 2 na St 3, na haviwezi kulinganishwa na kupuliza kwa sababu gamba lililoshika hubaki. Brashi ya waya inayozunguka kwa muda mrefu hung'arisha chuma tu, na rangi haishiki juu ya chuma kilichong'aa.

Kompresa isiyo na kichujio cha maji hupuliza maji na mafuta juu ya chuma kilichosafishwa. Kipimo chake ni kuelekeza hewa kwenye kitambaa cheupe kwa dakika moja. Kikipata unyevu au doa, kazi isimame.

Usalama wa fundi nao una nafasi yake hapa. Vumbi la mchanga wenye silika huharibu mapafu bila tiba ya kuyarudisha, na Uingereza ilipiga marufuku mchanga wa aina hiyo katika kazi ya kupuliza tangu mwaka 1949. Kitambaa puani hakizuii vumbi hilo. Punje za chuma na ganeti ni mbadala, na huweza kukusanywa na kutumika tena.

Hatua ya nne ni kuondoa vumbi kwa hewa kavu au brashi safi, kisha praima ifuate. Desturi ya kazi nzuri katika hewa yenye unyevu ni kupaka praima ndani ya saa 4 tangu kusafisha, na kwa hali yoyote kabla chuma hakijabadilika rangi. Kikibadilika rangi, kisafishwe upya. Kanuni rahisi kwa msimamizi: kisisafishwe chuma kingi kuliko kinachoweza kupakwa praima siku hiyo hiyo.

Pale praima haiwezi kupakwa siku hiyo

Wakati mwingine kazi hukwama. Umeme umekatika, praima haijavuka mpaka, au sehemu za tela zinasubiri kulehemiwa. Zipo njia kadhaa za kushikilia hali, na kila moja ina masharti yake.

Njia ya kwanza na rahisi ni kutosafisha. Chuma chenye gamba au mafuta kiachwe hivyo hivyo chini ya paa hadi kila kitu kiwe tayari.

Njia ya pili ni praima ya muda ya kiwandani. Hupakwa nyembamba sana, takriban maikroni 15 hadi 25, na aina nyingi huruhusu kulehemu juu yake. Hulinda chuma kwa miezi kadhaa. Karakana kubwa hununua chuma kilichokwisha kupakwa praima hiyo. Sehemu zilizolehemiwa lazima zisafishwe na kupakwa upya.

Njia ya tatu ni dawa zenye tindikali ya fosforasi. Tindikali hula kutu nyepesi na kuacha utando mwembamba wa fosfeti unaochelewesha kutu mpya. Kasoro ni kwamba tindikali iliyobaki bila kusuuzwa huleta malengelenge chini ya rangi, na baadhi ya praima za epoksi hazipendi utando huo. Praima zenye zinki nyingi hazifai kabisa juu yake, kwa kuwa zinki hulinda chuma kwa kugusana nacho moja kwa moja. Fundi asome karatasi ya maelezo ya rangi kabla ya kutumia dawa hiyo, na dawa inayogeuza kutu kuwa nyeusi isichukuliwe kuwa mbadala wa kusafisha kutu nene.

Njia ya nne ni kudhibiti hewa: kufanya kazi ndani ya banda lililofungwa, kupasha chuma joto kwa taa au hita zisizotoa moshi, au kutumia mashine ya kukausha hewa. Jiko la gesi au la mkaa halifai, kwa sababu moto wenyewe hutoa mvuke wa maji.

Kupaka dizeli au oili chafu ya injini ni kosa lililozoeleka. Huzuia kutu kwa muda lakini hupenya kwenye mikwaruzo ya chuma kilichopulizwa, na kuitoa yote ni kazi ngumu kuliko kupuliza upya.

Hesabu ya gharama

Mwenye tela anaweza kujua mapema kiasi cha praima kwa hesabu fupi. Chukua asilimia ya rangi inayobaki baada ya kukauka, iliyoandikwa kwenye karatasi ya maelezo, zidisha kwa 10, kisha gawanya kwa unene unaotakiwa kwa maikroni. Praima yenye asilimia 50, kwa unene wa maikroni 75, hutosha mita za mraba 6.7 kwa lita. Kwa eneo la mita za mraba 100 zinahitajika lita 15. Upotevu wa kupuliza ukiwa asilimia 30, zinunuliwe lita 21 hadi 22. Fundi anayeleta lita 10 kwa eneo hilo ama ataongeza thina kupita kiasi au atapaka nusu ya unene.

Kazi ikirudiwa, gharama ya rangi huwa ndogo kuliko nyingine. Kuna kuondoa rangi ya zamani, kupuliza upya, na zaidi ya yote siku ambazo gari halipo barabarani. Msafirishaji azidishe idadi ya siku hizo kwa mapato halisi ya tela kwa siku, aongeze faini ya kuchelewesha mkataba kama ipo, kisha alinganishe na bei ya kusubiri siku mbili ili chuma kikauke au praima ifike. Mara nyingi kusubiri ni nafuu.

Lipo pia suala la usalama. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2013 inaruhusu gari na tela lake hadi tani 56. Chesisi inayobeba uzito wa karibu na huo kwa safari za nchi hadi nchi haina unene wa ziada wa kuachia kutu, na kutu ya ndani ya maungio haionekani kwenye ukaguzi wa haraka wa barabarani.

Mambo ya kuandika kwenye mkataba

Mabishano mengi kati ya wenye matela na karakana hutokana na mkataba unaosema tu "kupaka rangi". Mkataba unaomlinda kila upande hutaja daraja la chuma kitakachotumika, kiwango cha kusafisha, muda wa mwisho kati ya kusafisha na praima, aina ya praima na unene wake kwa maikroni, na nani anapima. Karakana iweke daftari la kila siku lenye joto la hewa, unyevu, joto la chuma na saa ya kuanza na kumaliza kupaka.

Mnunuzi aombe kuona chuma baada ya kusafishwa na kabla ya praima. Hiyo ndiyo saa pekee ambayo kazi yote iko wazi. Praima ikishapakwa, tela lililosafishwa vizuri na lile lililofutwa tu kwa brashi hufanana kabisa, na tofauti yake itaonekana baada ya masika.